Mitambo Midogo ya Stima Iwekwe Wapi?

Nashika kalamu nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalotugusa sote, hasa sisi wanafunzi wa kutwa tunaoishi mwisho wa laini ya stima. Ikifika saa mbili usiku kila nyumba imewasha taa na televisheni, balbu zetu hufifia hata kitabu hakisomeki. Mtihani nao haungoji.

Siku hizi wengi husema ati dawa ni mitambo midogo: sola juu ya paa au jenereta ya maji mtoni. Naunga mkono. Hata Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi kilowati 1,000 aombe kuingiza stima yake ya ziada katika laini. Swali langu ni moja tu: itawekwa wapi?

Stima ikisafiri, waya huila njiani na kuigeuza joto. Bandu bandu huisha gogo. Katika fizikia tumefunzwa kwamba hasara hiyo hufuata mraba wa mkondo. Tuseme waya unapeleka ampea 100 kijijini. Mtambo ukiwekwa huko huko na kutoa nusu ya mahitaji, waya utabeba ampea 50, na hasara itashuka hadi robo. Mtambo ule ule ukiwekwa mjini kando ya transfoma kuu, waya wa kijijini utabeba ampea 100 zile zile. Hapo tumesaidiwa nini, jameni?

Je, tuweke mtambo mkubwa kupindukia? La hasha! Ukizidi mno mahitaji ya mahali, stima itarudi nyuma kwa wingi katika waya ule ule, hasara ipande tena, na volteji ipande hadi vyombo viungue.

Kuna watakaosema kwamba mto hauhamishwi. Ni kweli, lakini paa ziko kila kijiji. Hoja nzito ni kwamba jua huzama kabla hatujafungua vitabu. Kwa hivyo sola iandamane na betri, na penye mto wa kutosha maji yapewe nafasi ya kwanza, kwani hayalali. Kiwanda cha majani chai cha Imenti, kule Meru, kina mtambo wake wa maji na huuza ziada kwa laini ya taifa.

Jambo jingine ni usalama. Laini ikikatika, kila mtambo sharti ujitenge wenyewe. La sivyo, fundi aliye juu ya nguzo atashika waya akidhani hauna moto.

Kwa maoni yangu, wapangaji wasijivunie idadi ya mitambo. Wapime kwanza volteji usiku, kule laini inakoishia, kisha waanzie hapo. Mtambo mdogo mahali panapofaa ni bora kuliko mkubwa mahali pasipofaa.