Mvumi: Pikipiki kwanza, kituo cha kuchaji baadaye

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam, na si ajabu wenye mitaji midogo mkoani humo wakajiuliza iwapo biashara ya kuchaji vyombo vya umeme inalipa hata katika miji midogo. Kwa Mvumi, iliyo kilometa 40 hivi kutoka Dodoma mjini, inaweza kulipa, mradi mtaji usianzie mahali pasipofaa.

Mashine kubwa ya kuchaji magari kwa haraka, ya kilowati 50, haifai. Mashine hiyo peke yake yaweza kumaliza nguvu yote ya transfoma ya kVA 50, ambayo vijijini hutegemewa na nyumba, maduka na mashine za kusaga. Mwenye nayo atalazimika kugharamia transfoma yake, kisha asubiri magari ambayo barabara ya Mvumi bado haina kwa wingi. Huko ni kulaza mtaji.

Biashara iko kwenye pikipiki. Chaja moja huvuta chini ya kilowati 1, hivyo chaja kadhaa zinatosha katika fremu ya kawaida ya duka yenye LUKU yake. Abiria wapo: wagonjwa na ndugu zao wanaokwenda Hospitali ya Mvumi, wanafunzi, na wachuuzi wa Mvumi Makulu na Handali.

Hesabu yenyewe ni hii. Betri ya uniti 3 huhitaji uniti 3.4 hivi, kwa kuwa kiasi fulani hupotea katika kuchaji. Kwa bei ya TANESCO ya kundi la T1, takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, gharama ni shilingi 1,210. Dereva akitozwa 2,000, mwenye chaja hubaki na 790 kabla ya pango na mlinzi. Dereva naye husafiri kilometa 75 hivi. Pikipiki ya petroli ingekunywa lita 1.5, ambazo hata kwa shilingi 2,700 kwa lita ni shilingi 4,050.

Hata hivyo, dereva mwenye umeme nyumbani atachaji usiku kwake, na mchana hatakubali kukaa saa tatu au nne akisubiri betri ijae huku hesabu ya tajiri ikimdai. Anachoweza kununua ni muda. Ndiyo maana mjini Kigali kampuni ya Ampersand, iliyoanza kazi hiyo mwaka 2019, hubadilisha betri: dereva huacha iliyoisha, huchukua iliyojaa na kuondoka.

Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo Mvumi anunue kwanza pikipiki mbili au tatu za aina moja pamoja na betri za akiba, awape madereva kwa mkataba, na chaja zihudumie pikipiki zake mwenyewe. Wateja wa nje wakija, ni faida ya juu. Akianza na chaja tupu, atakuwa amefungua duka la mafuta ya taa kijiji kisicho na taa.

Hatari kubwa ni betri. Betri ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye pikipiki ya nyingine. Muuzaji akifunga ofisi, mnunuzi hubaki na chuma chakavu. Dhamana na upatikanaji wa betri viandikwe kabla ya fedha kutoka.

Serikali nayo ina sehemu yake. Kenya iliidhinisha mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na 8 saa ambazo matumizi ni madogo. Bei ya T1 haitofautishi usiku na mchana. EWURA ikipunguza bei ya usiku, mwenye betri za akiba ndiye atakayenufaika kwanza, kwa kuwa yeye huchaji wengine wakiwa wamelala.