Una mtoto na unataka kujiunga na KDF? Soma tangazo vizuri

Kama unaishi Eldoret, unaijua wiki ya usajili wa makurutu. Kabla jua lichomoze, vijana tayari wako barabarani wakielekea uwanjani, viatu vya kukimbilia miguuni, bahasha ya kaki yenye vyeti kwapani. Wageni nao hawakosi mjini. Hapa kwetu ndipo ilipo Moi Barracks, ambako raia kutoka kila pembe ya Kenya huingia na kutoka wakiwa askari.

Jirani yangu mmoja wa Langas ana miaka 22. Ana nguvu, anakimbia kila asubuhi, na cheti chake cha KCSE amekitunza kwenye plastiki chini ya godoro. Usajili uliopita hakutoka nyumbani. Nilipomuuliza, akanionyesha mtoto wake wa miaka miwili aliyekuwa akicheza mlangoni. “Si wanasema hawachukui wenye watoto?” Nikamuuliza ni nani anayesema. Hakujua. Alisikia tu.

Sasa wewe dada unayesoma hapa, soma tangazo mwenyewe. Masharti ambayo KDF imekuwa ikichapisha ni haya: uwe Mkenya, uwe na umri wa kati ya miaka 18 na 26, urefu usiopungua mita 1.60, uwe na afya njema na usiwe na rekodi ya uhalifu. Uzani kwa mwanamume ni kilo 54.55, kwa mwanamke kilo 50. Halafu kuna sharti moja la wanawake pekee: usiwe mjamzito wakati wa kusajiliwa na wakati wote wa mafunzo.

Mjamzito. Hapo hapajaandikwa “mama”. Kuna tofauti kubwa kati ya kubeba mimba leo na kuwa na mtoto anayebaki na nyanya yake nyumbani. Uvumi umeyachanganya mambo haya mawili, na wasichana wengi wenye uwezo wamejifungia mlango ambao haukuwa umefungwa.

Sharti lenyewe silipingi moja kwa moja. Mafunzo ya kurutu si mchezo: kuruka vizuizi, kutembea usiku kucha na mzigo mgongoni, kulala baridi. Hakuna anayetaka mimba iharibike kwenye matope. Kinachonikera ni kwamba sentensi ile inaishia njiani. Haisemi kama aliyepatikana na mimba anaweza kurudi mwaka ujao nafasi yake ikimngoja, ama ndoto imeisha hapo. Na kaka aliyehusika na mimba hiyo? Yeye anaweza kuwa kwenye foleni hiyo hiyo, apite vipimo vyote, na hakuna atakayemuuliza lolote.

Tuangalie sheria. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi, na miongoni mwa sababu kilizozitaja kwa jina ni jinsia, ujauzito na hali ya ndoa. Wapo wanaosema jeshi lina sheria zake. Ni kweli, lakini si kwa kila jambo. Kifungu cha 24(5) kinaorodhesha haki ambazo sheria inaweza kumpunguzia mwanajeshi: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, haki za kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za aliyekamatwa. Pitia orodha hiyo mara mbili. Kifungu cha 27 hakimo.

Hilo lina uzito kwa sababu nyingine. Msichana anayeuza duka hapa mjini analindwa na Sheria ya Ajira ya 2007. Akijifungua, anastahili likizo ya miezi mitatu yenye malipo, na kufutwa kazi kwa sababu ya mimba ni kosa. Lakini sheria hiyo hiyo inasema wazi kwamba haiwahusu wanajeshi. Kwa hivyo askari wa kike hawezi kuikimbilia. Ngao yake kubwa ni Katiba.

Na tusidhani mambo haya hayabadiliki. Kuanzia miaka ya sabini wanawake waliwekwa katika kikosi chao cha pembeni, Women's Service Corps. Fatuma Ahmed alijiunga nacho mwaka wa 1983. Kikosi hicho kilivunjwa mwaka wa 1999 na wanawake wakaingizwa katika vikosi pamoja na wanaume. Mwaka wa 2018 Fatuma akawa mwanamke wa kwanza nchini kufikia cheo cha Meja Jenerali, na mwaka wa 2024 akakabidhiwa uongozi wa Jeshi la Wanahewa. Kama ule utaratibu wa zamani ungeachwa vile ulivyokuwa, sijui kama leo tungekuwa tunalitaja jina lake.

Ombi langu basi ni dogo. Tangazo lijalo liongezewe sentensi moja: kurutu atakayepatikana na mimba aahirishwe hadi ajifungue na apone, kisha arudi kwa vipimo vilevile, bila huruma ya ziada. Jeshi halitapoteza kitu. Litapata mwanamke aliyekwisha kuonyesha kwamba anaweza, na pengine atakuwa na sababu kubwa zaidi ya kutokata tamaa.

Kwa sasa, wewe fanya yako. Usichukue habari kwa wanaopiga domo kwenye steji ya boda. Usimpe mtu hata shilingi, kwa maana usajili ni bure, na barua feki zimewahi kuwafikisha vijana kwenye lango la Moi Barracks wakaishia seli. Kama una mtoto, panga mapema nani atabaki naye. Kisha amka saa kumi, ukimbie.

Jirani yangu ameanza kujipima uzani kwenye duka la dawa. Ana kilo 52. Anasubiri tangazo.