Fundi wa Kijiji: Fuata Njia ya Petroli

Mwezi huu tunazungumza juu ya pikipiki ya zamani. Huenda uliachiwa na mzee wako. Huenda uliinunua kwa bei ndogo, uifufue pole pole. Sasa unapiga kiki mpaka jasho linakutoka. Inawaka, inakohoa, inazimika. Jirani anasema, "Kabureta imekufa. Nunua nyingine."

Usitoe fedha bado. Mara nyingi kabureta haijafa. Ina uchafu tu.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Petroli ikizidi, injini hutoa moshi mweusi. Hewa ikizidi, injini hukosa nguvu na hupata joto kali.

Maelezo haya yanafaa pikipiki kama Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, na nyingi za Kichina zinazofanana nayo.

Kwanza, usalama. Mvuke wa petroli hushika moto upesi, na hauonekani. Fanya kazi nje, mchana, injini ikiwa imepoa. Koroboi, sigara, jiko na watoto viwe mbali. Usinyonye petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni inaweza kukuua.

Sasa fuata njia ya petroli, kutoka juu hadi chini.

1. Tanki. Petroli iliyokaa miezi mingi huharibika na kuacha ukoko unaonata. Itoe, utie mpya. Usiimwage karibu na kisima. Tazama pia kifuniko cha tanki. Kina tundu dogo la hewa. Likiziba, pikipiki huenda kidogo kisha huzimika. Ukifungua kifuniko ikawaka tena, umepata ugonjwa wake.

2. Koki na mpira. Chomoa mpira kwenye kabureta. Weka ncha yake ndani ya chupa, fungua koki. Petroli itiririke bila kukatika. Ikitoka matone tu, safisha koki na chujio lake.

3. Bakuli la kabureta. Chini yake kuna skrubu ya kumwagia. Ifungue, ukinge kwa chupa ya kioo. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwamo utayaona yamekaa chini. Ndani ya bakuli kuna boya. Bakuli likijaa, boya hupanda na kufunga njia ya petroli. Likikwama, petroli humwagika nje, au huingia ndani ya injini. Oili ikinuka petroli, ibadili kabla ya kuwasha.

4. Jeti. Hivi ni vitundu vinavyopitisha petroli. Kipo kidogo na kikubwa. Je, injini huzimika ukiachia mkono wa mafuta, lakini huenda vizuri kwa kasi? Safisha jeti ndogo. Je, huenda vizuri pole pole, lakini hukosa pumzi mlimani? Safisha jeti kubwa. Ioshe kwa petroli safi, ipulize kwa pampu ya baiskeli, kisha itazame kwenye mwanga. Usiichokoe kwa waya. Tundu likipanuka, petroli itazidi siku zote, na hapo ndipo utalazimika kununua nyingine.

5. Hewa. Chujio la hewa liwe safi. Kiungo kati ya kabureta na injini kisiwe na ufa, na nati zake zikaze.

Kabla ya kuzungusha skrubu yoyote ya kurekebishia, ifunge taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko. Andika hesabu hiyo daftarini. Ukipotea, utajua pa kurudi.

Mwisho, chomoa plagi. Wewe sasa unajua kusoma. Basi isome na plagi. Nyeusi yenye masizi makavu: petroli imezidi, au chujio la hewa limeziba. Nyeupe: hewa imezidi. Rangi ya kahawia: mambo ni sawa. Lakini kama plagi haitoi cheche kabisa, usiilaumu kabureta. Tafuta kosa kwenye umeme.

Ndugu msomaji, rekebisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwenye kingine. Ukigusa vitu vitano kwa mara moja, pikipiki ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi. Siku ya kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, utataka kuijua.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tusichokoe jeti kwa waya?
2. Pikipiki inazimika, ukifungua kifuniko cha tanki inawaka. Kosa liko wapi?
3. Taja mambo matatu ya kufanya kabla ya kufungua kabureta.