Pimeni Kilichomo Chupani

Mwarobaini ulipata jina lake kutokana na magonjwa arobaini unaosemekana kuyatibu. Pita kwenye meza za miti shamba Kawangware, Nairobi, uone: majani yake yamesagwa, mengine yamechemshwa na kutiwa katika chupa zilizowahi kubeba soda, kando ya magome ya miti ya muiri na muthiga. Kibera ni vivyo hivyo. Siku hizi, juu ya sifa za kale, limeongezwa neno la maabara: dawa hizi zimejaa antioksidanti.

Neno hilo lina msingi. Mimea hutengeneza fenoli, kemikali ambazo nyingi ni antioksidanti, ili kujikinga na jua kali, wadudu na ukungu. Tanini zinazokaza ulimi ukitafuna jani la mpera ni fenoli. Mtafiti huloweka unga wa jani, mara nyingi katika methanoli, huchuja, kisha hudondoshea maji yake kwenye kimiminika cha zambarau. Kikififia na kuwa cha manjano, mmea umefaulu jaribio la antioksidanti. Ila mama wa Gatwekera, kule Kibera, hatumii methanoli. Anachemsha kwa maji, juu ya jiko la makaa, kwa muda anaoujua yeye, na kinachobaki sufuriani si kile kilichopimwa. Tena uchungu wa mwarobaini, ambao wengi huuchukua kuwa ndiyo dawa yenyewe, hutokana hasa na limonoidi, wala hizo si fenoli.

Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa hadharani jedwali lake la nguvu za antioksidanti katika vyakula. Kampuni zilikuwa zikilitumia kuuzia bidhaa, ilhali namba za maabara hazikuonyesha kinachotokea mwilini. Fenoli nyingi hufyonzwa kidogo tu, na zinazoingia hubadilishwa na utumbo na ini.

Hata hivyo, tatizo si miti yetu. Muiri ni ushahidi: mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562 waliosumbuliwa na tezi dume iliyovimba, na waliopewa dawa ya gome lake walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu, ingawa majaribio yenyewe yalikuwa madogo na mafupi. Wanaume hao walimeza kipimo kinachojulikana. Mzee wa Kibera anayenunua gome la mti uleule hajui anakunywa kiasi gani, na kama kukojoa kwake kwa shida kunatokana na saratani, kila mwezi anaoumaliza kwenye chupa unamchelewesha.

Kuna na hili, ambalo linaniuma zaidi. Tanini hushika madini ya chuma tumboni yasifyonzwe. Mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, akavisindikiza na maji ya magome, anajinyima dawa bila kujua. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu nesi hakuuliza na yeye aliogopa kukemewa.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka tiba asili iwe na chombo chake cha kuisimamia. Kwa miaka mingi waganga wamekuwa wakisajiliwa na idara ya utamaduni, na cheti cha utamaduni hakisemi lolote kuhusu madini ya risasi au vijidudu vilivyomo chupani. Kupiga marufuku hakutasaidia. Biashara itahamia vichochoroni, na wagonjwa wataifuata huko kwa kuwa bei yake wanaimudu.

Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) ina kituo cha utafiti wa dawa za asili, na makao yake yako Mbagathi, mwendo wa miguu kutoka Kibera. Watafiti washuke soko la Toi na Kawangware, wanunue chupa kama anavyonunua mteja, wapime kilichomo: uchafu, metali, dawa za hospitali zilizochanganywa kwa siri, na kiasi cha viambata katika kila kijiko. Majibu yasomwe barazani kwa Kiswahili, wauzaji wakiwepo. Gharama ibebwe na Serikali, maana ikiwekwa juu ya mama mwenye meza moja, watakaobaki sokoni ni wenye maduka makubwa na matangazo ya redio.