Rekodi Isiyo na Masharti ni Nusu ya Habari

Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi, kijana wa miaka 20, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Kwa mbio hizo aliivunja rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 33.1, iliyowekwa na Mmarekani Jim Ryun mwaka 1967. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wamesimuliwa habari hiyo. Ni wachache walioulizwa darasani maswali yanayopaswa kuifuata: Uwanja ulikuwa kwenye mwinuko gani? Nani aliongoza, na nani alikingwa upepo? Muda ulisomwa kwa chombo gani? Bila majibu ya maswali hayo, tarakimu huwa ni jambo la kukaririwa tu.

Rekodi ya riadha ni kipimo, na hakuna kipimo kisichokuwa na masharti. Mwanafunzi wa fizikia akiandika kwamba maji yamechemka kwenye nyuzi 95 za Selsiasi, mwalimu humwuliza alikuwa mahali gani, kwa kuwa maji huchemka mapema mlimani. Mwanafunzi huyo huyo akisema kwamba fulani amekimbia mita 100 kwa sekunde 11, hakuna amwulizaye lolote. Hapo pana kasoro katika elimu, na kasoro hiyo ina madhara. Katika mashindano ya shule, kuanzia wilayani hadi UMISSETA, vijana huteuliwa au huachwa kwa tofauti ya sehemu chache za sekunde. Kipimo kikiwa kibovu, anayedhulumiwa ni mtoto.

Hewa iliyotoa na kunyang'anya

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 katika Jiji la Mexico, lililo kwenye mwinuko wa mita 2240 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo kanieneo ya hewa hupungua kwa takriban robo. Jambo hilo moja lilileta matokeo mawili yanayopingana.

Kwa wenye mbio fupi na wenye kuruka, hewa nyepesi ilikuwa neema, kwa maana ukinzani wake ni mdogo. Jim Hines alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.95. Lee Evans alikimbia mita 400 kwa sekunde 43.86, rekodi iliyodumu hadi mwaka 1988. Tarehe 18 Oktoba Bob Beamon aliruka chini mita 8.90, akaizidi rekodi ya awali ya mita 8.35 kwa sentimita 55. Hakuna aliyempita hadi mwaka 1991, Mike Powell aliporuka mita 8.95 mjini Tokyo.

Kwa wenye mbio ndefu, hewa hiyo hiyo ilikuwa adhabu, kwa kuwa kila pumzi ilibeba oksijeni chache zaidi. Naftali Temu, aliyeiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, alishinda mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Rekodi ya dunia wakati huo, ya Mwaustralia Ron Clarke, ilikuwa chini ya dakika 27 na sekunde 40. Anayezisoma tarakimu peke yake atasema kwamba Temu alikuwa mzito. Anayezisoma pamoja na masharti yake atajua kwamba Temu alimshinda Clarke mwenyewe siku hiyo, na kwamba Clarke alimaliza mbio akaanguka kwa kuishiwa nguvu.

Yapo mengine ya kukumbukwa juu ya mruko wa Beamon. Upepo uliokuwa ukivuma nyuma yake ulipimwa kuwa mita 2.0 kwa sekunde, yaani mpaka kabisa wa kiwango kinachoruhusiwa. Je, habari hiyo inapunguza sifa yake? Hata kidogo. Klaus Beer, aliyekuwa wa pili katika shindano lile lile, aliruka mita 8.19. Hata tukizingatia kuwa mvua iliyonyesha baada ya mruko wa Beamon iliwasumbua wenzake, tofauti ya sentimita 71 haiwezi kuelezwa kwa wepesi wa hewa uliomfaa kila mrukaji uwanjani. Masharti yakielezwa, hewa hupewa sehemu yake, na mtu hubakiwa na iliyo yake.

Saa nayo ina lugha yake

Kwa miaka mingi muda wa mbio fupi ulisomwa kwa saa za mkononi, kwa sehemu za kumi za sekunde. Mwezi Juni 1968, mjini Sacramento, Jim Hines alipewa muda wa sekunde 9.9 kwa mita 100. Miezi minne baadaye, kule Mexico, alitangazwa tena kuwa na 9.9. Kwa msomaji wa magazeti, mbio hizo mbili zilikuwa sawa. Saa ya umeme, hata hivyo, ilionyesha 10.03 kwa mbio za kwanza na 9.95 kwa zile za pili. Tofauti ya sekunde 0.08, kwa mtu wa kasi hiyo, ni karibu mita moja. Mita hiyo ilikuwa imefichwa na udhaifu wa kidole cha mwanadamu.

Ndiyo sababu tangu mwaka 1977 rekodi za dunia za mbio zisizozidi mita 400 hazikubaliwi bila saa ya umeme. Ni desturi pia kuongeza sekunde 0.24 kwenye muda wa mkono wa mita 100 unapolinganishwa na muda wa umeme, maana mshika saa huchelewa kuianzisha baada ya kuona moshi wa bastola, na mwishoni huwa tayari anamtazamia mkimbiaji afike.

Malalamiko ya wapenzi wa riadha

Wako wapenzi wa riadha wanaoona kwamba kanuni hizi ni njia ya kuwanyima Waafrika haki yao. Hoja hiyo ilisikika mwaka 2011, Mkenya Geoffrey Mutai alipokimbia marathoni ya Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59, ya Mwethiopia Haile Gebrselassie. Muda wa Mutai haukuandikwa kuwa rekodi. Ilisikika tena baada ya Eliud Kipchoge kukimbia masafa hayo mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, muda ambao nao haukuingizwa katika orodha ya rekodi.

Uchungu wa mashabiki unaeleweka, lakini kanuni zilikuwa za haki. Njia ya Boston huanzia mji mmoja na kuishia mwingine, na mwisho wake uko chini ya mwanzo kwa takriban mita 140. Kanuni huruhusu mteremko wa mita 1 tu kwa kila mita 1000, yaani mita 42 kwa marathoni nzima. Zaidi ya hayo, katika njia inayoelekea upande mmoja, upepo wa nyuma waweza kumsukuma mkimbiaji kutoka mwanzo hadi mwisho, na siku ile ulivuma kweli. Kule Vienna, Kipchoge alisindikizwa na wakimbiaji 41 waliopokezana zamu na kujipanga ili kumkinga na hewa. Gari liliwamulikia barabarani mstari wa kufuata, na vinywaji vililetwa kwa baiskeli. Hapakuwa na mashindano. Faith Kipyegon naye alipojaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4 mjini Paris, Juni 2025, akisindikizwa kwa namna hiyo, muda wake wa dakika 4 na sekunde 6 na ushei ulikuwa chini ya rekodi yake mwenyewe ya 4:07.64 ya mwaka 2023, wala haukuihamisha.

Majaribio hayo yana thamani kubwa. Yalikuwa mfano wa maabara, ambamo mtafiti huondoa vizuizi kimoja baada ya kingine ili aone kiungo cha mwili chaweza kufika wapi. Lakini jibu la maabara na jibu la mashindano ni majibu ya maswali mawili. Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, alikuwa nyuma ya muda wa Vienna kwa sekunde 55, na hata hivyo rekodi ya dunia ilikuwa yake kwa haki. Katika marathoni ya wanawake sasa kuna orodha mbili: moja ya mbio za wanawake peke yao, na nyingine ya mbio zilizochanganyika na wanaume, ambao waweza kuwaongoza na kuwakinga. Orodha mbili si ubaguzi. Ni unyofu wa kipimo.

Sifa ya Bayi ikisomwa upya

Sasa na tuirudie rekodi ya Christchurch. Mji huo uko karibu na bahari, kwa hiyo hewa nyepesi haikuwapo ya kumpunguzia mtu ukinzani. Hapakuwa na msindikizaji. Bayi alishika uongozi tangu mwanzo, akaipasua hewa mwenyewe kwa kasi ya wastani ya mita 7 kwa sekunde, huku wenzake wakimwandama. John Walker wa New Zealand alimfuata kwa sekunde 32.5 baada ya dakika ya tatu, naye pia akawa chini ya rekodi ya Ryun. Mkenya Ben Jipcho alikuwa wa tatu. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 1979, Mwingereza Sebastian Coe alipoipunguza kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Tarakimu 3:32.2 haisemi lolote kati ya hayo. Tangu wakati huo wengi wamekimbia kwa muda mfupi zaidi, na kijana wa leo anayeitazama orodha peke yake atamweka Bayi chini kabisa. Masharti ndiyo yanayomrejeshea heshima. Anayeogopa kwamba sayansi itawaondolea mashujaa utukufu wao hana budi kuutafakari mfano huu.

Uwanja wa shule kama maabara

Shule nyingi hazina saa ya umeme wala chombo cha kupimia upepo. Hata hivyo, zinaweza kupima kwa uaminifu, na kazi hiyo ni somo tosha la fizikia na hisabati.

Kwanza ni sauti. Sauti husafiri kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Mshika saa aliyesimama mwisho wa mita 100, akiianzisha saa yake kwa kusikia kipyenga, huchelewa kwa karibu sekunde 0.3 hata kabla ya uzito wa kidole chake. Kijana wa sekunde 11.5 ataandikiwa 11.2. Katika mita 400 mwanzo na mwisho viko pamoja, na kosa hilo halipo. Dawa yake ni mwanzishaji kushusha kitambaa cheupe pamoja na kupuliza kipyenga, na mshika saa kufuata jicho badala ya sikio. Washika saa wawe watatu: wawili wakikubaliana, muda wao ndio uandikwe, wote wakitofautiana, uandikwe ule wa katikati.

Pili ni mzunguko wa uwanja. Wapimaji wakikosea nusukipenyo cha kona kwa mita 1, mzunguko mmoja utakosewa kwa mita 6.28, uwe uwanja ni mkubwa au mdogo. Katika mita 1500 kosa hilo hufika mita 23 na zaidi. Bayi aliivunja rekodi ya Ryun kwa sekunde 0.9, ambazo kwa kasi yake ni mita 6 na kidogo. Futikamba iliyolegea katika mzunguko mmoja yatosha kuumeza ushindi wa namna hiyo.

Tatu ni upepo na mteremko. Sufi iliyoachiwa hewani ikisafiri mita 10 kwa sekunde 5, upepo umefika mita 2 kwa sekunde, ambao ndio mpaka wa kimataifa. Mpira mwembamba wenye maji, kama ule wa mafundi waashi, utaonyesha mteremko wa uwanja. Katika mita 100 haupaswi kuzidi sentimita 10.

Mwisho ni daftari. Kando ya jina na muda, paandikwe tarehe, aina ya saa, hali ya upepo, aina ya ardhi na mwinuko wa mahali. Msichana aliyekimbia mita 3000 kwenye nyanda za juu za Mbulu asilinganishwe na mwenzake wa Tanga kana kwamba wamevuta pumzi ya aina moja. Kijana aliyekimbia peku kwenye nyasi asihukumiwe kwa muda wa aliyekimbia kwenye uwanja wa kisasa.

Yapo mengi yanayohitaji fedha katika michezo ya shule, lakini unyofu wa kipimo haumo miongoni mwake. Unahitaji kitambaa, futikamba, daftari na mwalimu asiyeridhika na tarakimu moja. Shule itakayoshika desturi hiyo itamtendea haki mwenye kipaji aliye mbali na viwanja vikubwa, na itamzoesha kila mwanafunzi, mkimbiaji na asiyekuwa mkimbiaji, kuuliza swali la kwanza la sayansi mbele ya kila tarakimu anayopewa: imepimwa vipi?