Mwenye Mfumo na Mwenye Maradhi

Safu ya Maoni, na Athumani Mwinyihaji

Mwezi wa Machi mwaka 2025, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Kenya, Bi. Nancy Gathungu, alitoa taarifa ambayo kwa uzito wake ilistahili kuzungumzwa barazani na sokoni, misikitini na makanisani, hata kila mwananchi akaielewa kama anavyoielewa bei ya unga. Nayo ilisema kwamba mfumo wa kidijitali unaoendesha shughuli za Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ambao thamani yake ni shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali, wala serikali haiutawali, na kwamba haki zote za ubunifu wake zimo mikononi mwa muungano wa kampuni zilizouleta. Watu walishtushwa na hesabu ya fedha, na ilikuwa haki yao kushtuka, kwani ununuzi wenyewe haukupitia zabuni ya ushindani kama ilivyo ada. Walakini mimi lililoninyima raha ni hilo la pili, la umiliki, ambalo katika mabishano ya mtaani nililisikia likitajwa kwa uchache mno.

Kampuni zenyewe ni tatu: Safaricom, ambayo hakuna Mkenya asiyeijua tangu ilipotuletea M-Pesa mwaka 2007, kisha Konvergenz Network Solutions, kisha Apeiro. Mkataba wao ni wa miaka 10, nao hawalipwi kwa hundi moja kutoka Hazina, bali kwa ada zinazokatwa katika michango ya wanachama na katika malipo yaendayo hospitalini. Wizara ya Afya ilijitetea kwa hoja kwamba serikali haikutanguliza fedha, kwamba wenye kampuni ndio waliojitosa kwa mtaji wao, na kwamba data za wagonjwa ni za serikali na zitabaki kuwa za serikali. Utetezi huu siubezi, maana una sehemu yake ya kweli. Lakini unatutaka tuamini kwamba mtu aweza kumiliki kilichomo ndani ya chombo na asiumie kwa kutokimiliki chombo chenyewe.

Sisi tuliokulia Mombasa twalijua vyema jambo hili, kwa sababu mji wetu umejaa nyumba zisizo na ardhi. Mtu hujenga kwa jasho lake, akaezeka mabati, akazaa na kuoza watoto humo humo, na nyumba ikawa yake kwa kila hali, ila kiwanja ni cha mtu mwingine ambaye mwenye nyumba hana budi kumlipa ijara; na siku mwenye kiwanja akipandisha ijara, au akakiuza kwa mgeni, ndipo mwenye nyumba anapotambua kwamba kumiliki kuta si kumiliki mahali zinaposimama. Data zetu ni nyumba ya namna hiyo. Fauka ya hayo, Mkaguzi Mkuu alibainisha kwamba mkataba unaikataza serikali kujitengenezea mfumo mwingine wa kushindana na huu, ambayo ni sawa na kumwambia mpangaji kwamba hata akipata fedha asithubutu kununua kiwanja kwengine.

Na ili tusizungumze juu ya mambo haya kama kwamba yako mbali mawinguni, natuangalie yanayotendeka mezani pa karani. Bibi mkulima wa Kaloleni amefika zahanati akiwa na kifua kinachombana. Karani amwuliza nambari ya kitambulisho, aiingiza katika tableti, na mfumo wapeleka nambari ya siri kwenye simu. Ila laini iliyosajiliwa imo mfukoni mwa mwanawe aliyeko Mtwapa, kwa kuwa ni yeye aliyemwandikisha mama kwa kubonyeza *147#, na mwana huyo saa hiyo yuko juu ya jengo anachanganya saruji. Palipo na kifaa cha alama za vidole huambiwa aweke kidole, naye akaweka cha kwanza, akaweka cha pili, akapangusa kwa kanga akaweka cha tatu, na kifaa hakisomi, kwa sababu jembe na mbuzi ya kukunia nazi vimekwisha kuifuta mistari aliyozaliwa nayo. Kabla ya siku hiyo alikwisha kuulizwa juu ya paa la nyumba yake kama ni la makuti au la mabati, juu ya choo chake, juu ya kuni au gesi anayopikia, na kwa majibu hayo mfumo ukamkadiria mchango wa mwaka mzima. Na lau angeuliza hesabu hiyo imefikiwa kwa njia gani, karani asingekuwa na jawabu. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 na akaiona kwenye karatasi yake ya malipo, akaipigia hesabu mwenyewe kwa kalamu. Asiye na mshahara hukadiriwa na kitu asichokiona.

Kwa insafu yapasa niseme pia kwamba daftari la karatasi halikuwa malaika. Bima ya zamani, NHIF, iliyoanza mwaka 1966 na kumalizika tarehe 1 Oktoba 2024, iliibiwa miaka nenda miaka rudi kwa fomu zilizojazwa majina ya watu wasiolala hospitali hata usiku mmoja, na haukosi ukweli usemi wa serikali kwamba mfumo wa sasa unaweza kuyafichua madai ya namna hiyo upesi zaidi. Tabibu wa Lamu akiweza kuona kwamba mgonjwa aliye mbele yake alipasuliwa Nairobi mwaka jana, na kwamba dawa fulani humdhuru, hilo ni jambo la kushukuriwa. Ugomvi wangu si na mashine.

Ugomvi wangu ni juu ya amana. Fikirini ni yepi mfumo huu unayoyajua, au utakayoyajua ukikamilika: nani anatumia dawa za kufubaza virusi, nani aliharibu mimba na mwezi gani, nani alitibiwa akili, kijana gani alilazwa kwa ajili ya mihadarati, mume gani ana maradhi ambayo mkewe hana habari nayo. Katika desturi zetu za pwani, na sidhani kama bara wako tofauti, haya ni mambo ya sitara, ambayo hata ndugu wa tumbo moja huambiwa kwa kunong'onezwa. Na sheria ya Kenya nayo imeyatambua, kwani kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika daraja la taarifa nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali, iliyotiwa saini na Rais Ruto tarehe 19 Oktoba 2023, inaziita data za afya rasilimali ya kimkakati ya taifa. Ni maneno mazito hayo. Basi vipi rasilimali ya taifa iwekwe katika ghala ambalo taifa halina miliki nalo?

Wako watakaosema kwamba kampuni hizi ni za watu wema, na mimi sina ushahidi wa kinyume chake. Lakini wema wa leo si hati ya kesho, na Waingereza waliojaribu kabla yetu wameliona hilo. Mwaka 2015 hospitali ya Royal Free ya London iliipatia DeepMind, kampuni iliyo chini ya Google, kumbukumbu za wagonjwa wapatao milioni 1.6 kwa ajili ya kutengeneza programu ya kuwatahadharisha madaktari mapema juu ya figo inayoanza kushindwa kazi. Nia ilikuwa njema bila ya shaka. Mwezi wa Julai mwaka 2017 Kamishna wa Habari wa Uingereza aliamua kwamba hospitali ilikuwa imekiuka sheria ya ulinzi wa data, kwa kuwa wagonjwa hawakuelezwa inavyotakikana. Kampuni ilikuwa imetoa ahadi kwamba taarifa hizo hazitaunganishwa kamwe na akaunti wala bidhaa za Google. Mwezi wa Novemba 2018 ikatangazwa kwamba kundi lililoitengeneza programu lahamia Google yenyewe, na mwaka 2021 Google ikasema kwamba programu yote itafungwa. Hakuna hata mmoja katika maamuzi hayo mawili ya mwisho uliopigiwa kura na mgonjwa au mbunge. Yalikuwa maamuzi ya wenye mali juu ya mali yao, na kwa mujibu wa mali walikuwa na haki ya kuyafanya.

Kwetu sisi, mpaka sasa mlinzi aliyekesha ni mahakama. Tarehe 12 Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walizibatilisha sheria mpya za afya, ile ya kidijitali ikiwamo, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ijapokuwa Mahakama ya Rufaa iliusimamisha uamuzi huo mwezi wa Septemba na kazi ikaendelea. Kisha tarehe 4 Desemba 2025 Mkuu wa Mawaziri wa Kenya, Bw. Musalia Mudavadi, alitia saini mjini Washington, pamoja na Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Bw. Marco Rubio, mkataba ambao Marekani iliahidi kwao dola bilioni 1.6 kwa afya ya Kenya katika miaka mitano. Na wiki moja baadaye Jaji Bahati Mwamuye wa Mahakama Kuu, kwa ombi la watetezi wa watumiaji bidhaa, akaamuru kwamba utekelezaji usimame katika sehemu inayohusu kupeleka data za wagonjwa nje ya nchi. Nchi nzima ilizungumza, na iliniridhisha kuona watu wangu wakiona uchungu juu ya siri za wagonjwa. Lakini walioogopa kwamba daftari litasafirishwa hadi Washington walipaswa kuogopa vivyo hivyo kwamba hapa hapa Nairobi rafu linapokaa daftari hilo si yetu, na tungali twalipia ijara.

Mkataba wa SHA na uchapishwe wote, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kifungu kinachoizuia serikali kujijengea mfumo wake kiondolewe, na itajwe tarehe ambayo programu hiyo, pamoja na msimbo wake wote, itakabidhiwa kwa Wakala wa Afya ya Kidijitali, ambao sheria iliuunda kwa kazi hiyo hasa. Kamati ya Afya ya Bunge inao uwezo wa kumwita Waziri pamoja na wakuu wa kampuni zote tatu siku moja, katika chumba kimoja, na kuwauliza mbele ya umma: ikiwa mkataba huu utavunjika kesho, nani atakayebaki na funguo za seva, na hospitali zetu zitafungua daftari lipi asubuhi itakayofuata?