Mzoefu naye hugongwa

Pikipiki ikigongwa Arusha, hukumu hutoka kijiweni kabla majeruhi hajafikishwa hospitali ya Mount Meru: "Yule alikuwa hajui toyo (pikipiki)." Kajifunza juzi, alikuwa na maspidi, alilewa. Anayehukumu ana miaka mingi barabarani, anazijua kona zote za kwenda Ngarenanyuki, na kwa hiyo anajihesabu miongoni mwa wasioanguka. Na akifa mzoefu mwenzake? Hapo maneno hubadilika: siku yake ilifika, ajali haina kinga. Mgeni akifa kaponzwa na ujinga, mzoefu akifa kachukuliwa na Mungu. Imani iliyofungwa namna hiyo, hata maiti haiwezi kuipinga.

Mimi nimeuza pikipiki yangu. Tangu hapo naambiwa nimekuwa mwoga, au kwamba kumbe sikuwahi kuijua vizuri. Niliijua. Ila kuijua pikipiki yangu hakukumfundisha dereva wa daladala ya kifodi kutazama kioo kabla ya kuchomoka kituoni Sanawari.

Marekani waliwahi kulichunguza jambo hili kwa makini. Mwaka 1981 Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa ripoti baada ya timu yake kuzichunguza ajali za pikipiki zipatazo 900 katika eneo la Los Angeles. Katika takriban ajali tatu kati ya kila nne, pikipiki iligongana na chombo kingine, na katika theluthi mbili za migongano hiyo mwenye gari ndiye aliyemnyima mwenye pikipiki haki ya njia. Mara nyingi hata hakumwona. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kuwa wasiofundishwa waliumia zaidi, kwa hiyo sisemi ujuzi ni bure. Ujuzi una maana kubwa kwenye vumbi la Momela, au utelezi wa Nkoaranga wakati wa masika. Lakini ukiwa na mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka tu imekula karibu mita 17, na breki bado hujazigusa. Sekunde hiyo mzoefu anayo kama wengine.

Tarehe 24 Februari 2024, pale Kibaoni karibu na Ngaramtoni, lori lililofeli breki liliyagonga magari matatu kwenye barabara ya Namanga. Watu 25 walikufa, nao walikuwa ndani ya mabati. Sasa jiweke mbele ya lori lile na pikipiki yako ya Boxer, kisha uniambie ungelala kona ipi.

Najua wapo wasioweza kuacha. Huko Akeri na Leguruki, njia zinakopanda migombani na daladala haifiki, pikipiki ndiyo inayoshusha maziwa na ndizi, na usiku ndiyo inayomkimbiza mjamzito zahanati. Kijana wa mkataba, anayeendesha pikipiki ya tajiri, naye hawezi kuniiga, maana jioni tajiri anangoja hesabu, yaani fedha yake ya siku. Huyo simwambii aache. Namwambia asidanganyike kwamba miaka yake barabarani ni ngao, avae helmeti na abiria wake avae, badala ya kuitundika kwenye kiwiko mpaka amwone trafiki. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kuwa helmeti hupunguza vifo vya waendeshaji wanaopata ajali kwa asilimia 42. Hakuna majigambo ya kijiweni yanayofika hapo. (Abiria analalamika kwamba inanuka jasho. Ni kweli, inanuka.)

Kinachonikera zaidi ni wale wanaonufaika na imani hii. Ajali ikishakuwa kosa la asiyejua, hakuna anayeuliza kwa nini kwenye njia nne za Sakina hadi Tengeru kijana anaona afadhali apite upande usio wake kuliko kuifuata njia ya kugeuzia iliko. Hakuna anayeuliza breki za malori hukaguliwa lini. Dawa inabaki ileile, semina, fulana na picha ya pamoja na mgeni rasmi.

Wala hakuna anayeuliza kuhusu hesabu. Maspidi yanayolaaniwa kila siku, mengi hayatokani na ubishoo. Yanaanza saa kumi jioni, kijana akigundua kuwa bado hajafikisha fedha ya bosi na mafuta yanakata. Nao mabosi hao si watu wa mbali: ni walimu, ni makarani, ni wafanyabiashara wa Kilombero, ni wasomaji wa makala haya. Kama una pikipiki ya mkataba mikononi mwa mtoto wa mwenzio, usimpe mawaidha ya mwendo wa pole. Siku ambayo mvua ya masika imenyesha tangu asubuhi na matope ya mlimani yametanda kwenye lami, mpigie simu mwambie leo hesabu hakuna.